Kumkaribia Mungu Siku za Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi si mchungaji. Nauza nafaka sokoni Morogoro: mchele, maharage, mahindi, unga wa dona. Alhamisi jioni nafundisha darasa la Biblia usharikani kwetu. Maswali haya nimeulizwa darasani, mengine mlangoni baada ya ibada, na mengine dukani mteja akisubiri chenji. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu huko. Ukiwa na jambo zito la mafundisho ya imani, mwone mchungaji au padre wako. Hapa tunaongelea Jumatatu hadi Jumamosi.

Nataka kusoma Biblia. Nianzie wapi?

Usianzie Mwanzo. Najua kitabu huanzwa mwanzo, na mimi nilianzia huko mara tatu. Mwanzo inateremka kama uji. Nusu ya kwanza ya Kutoka inakimbia yenyewe. Halafu unafika kwenye mapazia ya hema, vitanzi na vipimo vya mbao, na ukivuka hapo Walawi inakufunga breki. Mara zote tatu karatasi yangu ya alama iliishia sura za 13 na 14 za Walawi, kati ya ukoma wa mtu na ukoma wa nyumba. Mara ya tatu nilicheka, nikaifunga Biblia, nikakaa mwaka mzima bila kuifungua isipokuwa Jumapili.

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, ukiisoma kwa sauti mfululizo unaimaliza kwa saa moja na nusu au mbili. Marko hana muda wa kupoteza: Yesu katoka hapa, mara yuko pale, mara kaponya mtu, mara yuko chomboni amelala juu ya mto wa kulalia dhoruba ikivuma. Anayesoma Marko hasinzii. Ukimaliza, soma Ruthu, sura nne, habari ya wanawake wawili wajane, njaa na shamba la shayiri. Utadhani imeandikwa kijijini kwenu. Halafu Wafilipi, sura nne nyingine. Hapo ndipo urudi Mwanzo, na ukifika Walawi uwe na mtu wa kukushika mkono.

Ninunue Biblia ipi?

Ile utakayoielewa. Lakini naelewa kwa nini watu wanauliza, kwa hiyo nieleze kidogo.

Iliyozoeleka mimbarani kwa Waprotestanti wengi ni ile ya Muungano, ya mwaka 1952. Vijana wangu darasani hudhani jina hilo linahusu Tanganyika na Zanzibar. Hapana, imeutangulia muungano huo kwa miaka 12. Kilichounganishwa ni kazi za watafsiri waliotangulia pwani: upande wa Mombasa, ambako Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo mwaka 1844, na upande wa Zanzibar, alikofanya kazi Askofu Edward Steere. Katikati hapo Karl Roehl alitoa yake mwaka 1937, akijitahidi kuyakwepa maneno yenye asili ya Kiarabu. Leo ni nadra kuiona. Waswahili walishaamua kwamba maneno hayo ni yao.

Kiswahili cha Muungano ni kitamu, kinakaa mdomoni. "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu": jaribu kuliboresha hilo. Ila kuna maneno yatakayokukwamisha. Nilipokuwa mtoto nilisikia mchungaji akisoma Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, kwamba tujizoeze kupata utauwa, nikadhani tunahimizwa kuua. Nilikaa na hofu ile wiki nzima. Utauwa ni ucha Mungu.

Biblia ya Habari Njema imetumia Kiswahili cha siku hizi, na anayeanza inamfaa sana. Ninachokushauri, ukiweza, uwe nazo zote mbili: Habari Njema ya kuelewa, Muungano ya kukariri. Mkatoliki atafute toleo lenye vitabu 73; la Kiprotestanti lina 66. Tofauti hiyo iko upande wa Agano la Kale, maana Agano Jipya lina vitabu vilevile 27 kwa wote.

Nisome sura ngapi kwa siku?

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, unaimaliza ndani ya mwaka. Zaburi tano kwa siku zinakwisha kwa siku 30, ingawa siku ya 24 itakupima: utakutana na Zaburi fupi kuliko zote, ya 117 yenye mistari miwili, na ndefu kuliko zote, ya 119 yenye mistari 176, kwa mkupuo mmoja. Mithali ina sura 31, kwa hiyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo. Hii ya Mithali naipenda kwa watu wenye shughuli nyingi kwa sababu haihitaji kukumbuka ulipoishia.

Hizo ni hesabu. Anayeanza simshauri mpango wa mwaka. Januari kanisa zima lina ratiba, Machi tumebaki sita. Sura moja kwa siku inakupitisha Injili zote nne kwa siku 89, na unabaki na nafasi ya kuwaza ulichosoma.

Sina muda. Naamka saa kumi alfajiri, narudi saa tatu usiku.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na anayeliuliza mara nyingi anasema kweli.

Fungua Marko 1, tangu mstari wa 32. Ni jioni, jua limekuchwa, mji mzima umejaa mlangoni kwa akina Simoni, wagonjwa, wenye pepo, kelele. Yesu anahudumia hadi usiku. Mstari wa 35, alfajiri na mapema sana kabla hakujapambazuka, ametoka kwenda mahali pasipo watu, anaomba. Mstari wa 37 wamemfuata: watu wote wanakutafuta! Angalia ule muda alioupata ulivyobanwa pande zote mbili. Jana usiku watu, leo asubuhi watu. Haukuwa muda wa ziada. Aliukata kwenye usingizi, na hata hivyo waliukatiza.

Mama mmoja wa usharikani kwetu anauza maandazi. Saa tisa usiku yuko macho anakanda. Unga ukishafunikwa kwa kitambaa ili uumuke, kuna nusu saa hivi ya kungoja, na ndiyo nusu saa yake. Anavuta kigoda karibu na taa, anasoma kwa kunong'ona ili asiamshe watoto. Siku moja nilishika Biblia yake. Kurasa zina alama za vidole vya mafuta, na ukiiachia ifunguke yenyewe inafunguka Zaburi ya 121. Nilimwambia aje anisaidie kufundisha. Alisema Alhamisi jioni ndiyo siku anayonunua ngano.

Kwa hiyo swali ninalomrudishia mtu ni hili: unangoja nini kila siku? Mkaa ushike, daladala ijae, abiria atoke, maji yafike juu ya tangi, mwalimu mkuu afungue ofisi. Chagua kungoja kumoja tu ukuweke wakfu. Na kama kweli hakuna, kuna kufanya kazi na Mungu akiwa hapohapo. Karne ya 17 huko Paris kulikuwa na bradha wa shirika la Karmeli, Ndugu Lawrence, aliyepangiwa jikoni. Alijizoeza kuzungumza na Mungu katikati ya sufuria na kelele za wenye njaa, na watu wa heshima wakawa wanamtafuta mpishi huyo wapate ushauri. Alipoanza kusumbuliwa na mguu alihamishiwa kushona viatu. Akaendelea vilevile.

Nasoma, nikifunga kitabu hakibaki kitu.

Unasoma kama unavyosoma tangazo la mnada. Punguza kipande, soma kwa sauti. Watawa wa zamani walikuwa na njia, na Guigo wa Pili, Mkarthusi wa karne ya 12, aliiandika kama ngazi yenye vipago vinne: soma, tafakari, omba, tulia mbele za Mungu.

Darasani tunaifanya hivi. Mmoja anasoma mistari kama kumi, polepole. Kimya. Mwingine anarudia ileile. Kila mtu anataja neno moja tu lililomgusa, bila kuhubiri (wazee wa kanisa hapa wanapata shida sana). Mara ya tatu tunaomba kwa kulitumia neno hilohilo. Tulipofanya habari ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, Marko 5, binti mmoja alitaja neno "vyote". Vyote vipi? Alivyokuwa navyo mwanamke yule, alivyovimaliza kwa waganga asipate nafuu. Binti huyo alikuwa amemuuguza baba yake hadi shamba likauzwa. Hakuna aliyeongeza neno, na jioni ile sikufundisha kitu kingine.

Nikiomba, mawazo yanahama. Naanza na Baba Yetu, najikuta kwenye kodi ya nyumba.

Basi iombee kodi ya nyumba. Akili imekuonyesha kinachokukaa moyoni, na pengine ndicho ulichotakiwa kuanza nacho.

Ile sala yenyewe inaruhusu. Kwenye Muungano, Mathayo 6 tunaomba "utupe leo riziki yetu". Wakatoliki wanasali "mkate wetu wa kila siku". Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo ni geni kiasi kwamba ndani ya Agano Jipya halipatikani nje ya sala hii, na wataalamu bado wanabishana lina maana ya leo, ya kesho, au ya kutosha. Mimi mtu wa sokoni naipenda "riziki". Sisi tukifungua duka asubuhi ndiyo tunayoitafuta, kwa jina hilohilo, na ndani yake mna unga, nauli, karo, na mteja wa kwanza asiyekopa.

Jambo la kutenda: weka daftari pembeni. Likija wazo la "nisisahau kumpigia fulani", liandike, rudi. Omba kwa sauti ya kusikika japo ndogo, maana mdomo ukitembea akili inafuata. Ukiishiwa maneno, tumia ya Zaburi. Ziliandikwa ziombwe.

Simu au kitabu?

Vyote Neno. Ila ukitumia simu zima data kwanza. Nimewahi kufungua Warumi 8 nikaishia kuangalia bao la Simba.

Nimepewa mstari wangu wa mwaka: Yeremia 29:11. Ni ahadi yangu?

Ah, mstari huu. Uko kwenye vikombe, kwenye kanga, nyuma ya bajaji. "Mawazo ya amani wala si ya mabaya." Sina nia ya kukunyang'anya, nataka uupate wote.

Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu anawaandikia watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Kulikuwa na manabii waliokuwa wakiwapa habari tamu. Hanania, sura ya 28, alitangaza miaka miwili tu, mambo yatakuwa yamekwisha. Yeremia anaandika tofauti. Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, ozesheni, ongezekeni. Utakieni amani mji ule mliohamishiwa, uombeeni, maana ukistawi nanyi mtastawi. Mstari wa 10 ndio usioandikwa kwenye kikombe: miaka 70. Ndipo unakuja wa 11.

Fikiria mtu wa miaka 40 anayesomewa barua ile. Ameshaelewa kwamba yeye atazikwa Babeli. Ahadi ni ya kweli, ila itawafikia wajukuu. Na bado anaambiwa apande mti.

Kwa hiyo kama uko kwenye ndoa ngumu, au kazi uliyoipata si uliyoisomea, au umehamia mji usiokupenda, mstari huo ni wako kweli, pamoja na ule wa kupanda bustani. Nikiwa na uchaguzi ningechapisha mstari wa 5 kwenye kikombe.

Hivyohivyo Wafilipi 4:13, "nayaweza mambo yote". Paulo anaandika akiwa kifungoni, na mistari miwili iliyotangulia anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Kuyaweza yote kwa Paulo ni pamoja na kuiweza njaa. Kanuni ninayowapa watu: kabla hujaubandika mstari ukutani, soma sura nzima.

Mbona sihisi kitu? Zamani nikiomba nilikuwa nalia, sasa ni kama naongea na dari.

Kwanza, umelala? Nauliza kwa dhati. Eliya, 1 Wafalme 19, yuko chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Mungu hakumhubiria. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani Horebu, baada ya safari ya siku 40. Nimeona watu wakikemewa pepo wa uzito wakati walichohitaji ni wali na usingizi wa siku mbili. Na ukavu ukienda wiki nyingi, huli, hulali, unawaza kufa, nenda hospitali pia. Hilo si upungufu wa imani.

Pili, Biblia ina maombi ya watu wasiohisi kitu. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne mwanzoni tu. Ya 88 haina hata mwisho mwema, inaishia gizani. Nilipofiwa na mama sikuweza kuomba miezi kadhaa. Nilikuwa nasoma ya 88 na kufunga kitabu, na ndugu zangu kanisani waliniimbia zile nyimbo nisizoweza kuziimba. Nadhani Zaburi hiyo iliachwa humo kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Yule baba wa Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akapona. Sentensi hiyo inatosha kwa siku mbaya.

Lazima nifunge?

Yesu alisema "mfungapo", kama jambo linalojulikana, akakataza kutangaza. Isaya 58 inaongeza kwamba kufunga huku unawabana wafanyakazi wako ni njaa ya bure.

Unayetumia insulini au dawa za kufubaza virusi, mjamzito, anayenyonyesha: ongea na daktari kwanza, wala usiache dawa kwa sababu ya funga. Funga kitu kingine, kama vile mitandao, soda au umbea. Na yeyote atakayekwambia ufunge hadi ufe umwone Yesu, kimbia ukatoe taarifa polisi. Mwaka 2023 kwenye msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo. Wale walikuwa watu waliotaka kumkaribia Mungu, kama wewe unayesoma hapa.

Nabii ameniambia Mungu amesema nitoe kiasi fulani ndipo nifunguliwe.

Neema haina lipa namba.

Kutoa ni kwema, nami natoa fungu la kumi. Lakini Mungu anayekungoja utume muamala ndipo akusikie si yule wa Luka 15 aliyekimbia barabarani kumkumbatia mwana mpotevu kabla hajamaliza hotuba yake. Mafuta, chumvi, maji: pima kila kitu kwa Neno, tena taratibu, bila kusukumwa. Februari 2020 Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Mungu hana haraka ya namna hiyo.

Imani yangu inaingiaje kwenye biashara?

Hapa nina la kuungama, kwa hiyo vumilia.

Nilipoanza duka nilikuwa na debe la kupimia ambalo kitako chake kilikuwa kimebonyea kwa ndani. Nililinunua hivyohivyo, mkononi kwa mwenzangu aliyekuwa anafunga biashara, na aliponipa alitabasamu. Nilielewa. Kila debe la mahindi lilikuwa linabaki na konzi mbili tatu kwangu. Wakati wa kununua kwa wakulima, sisi wanunuzi tulijaza lumbesa: gunia limeongezewa kilemba juu, limeshonwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Jumapili nilikuwa kwaya, sauti ya pili.

Mwaka ule wa Mithali, sura kwa tarehe, ikafika tarehe 11. Mstari wa kwanza kabisa: "Mizani ya hadaa ni chukizo." Nikafunga haraka. Mwezi uliofuata tarehe 11 ikarudi. Ndio ubaya wa mpango ule, unazunguka. Mwezi wa tatu nikahamia Amosi kutafuta hewa, nikaangukia sura ya 8: wafanyabiashara wanaoulizana sabato itakwisha lini wauze nafaka, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Nafaka! Hata bidhaa ilikuwa yangu.

Nilichukua nyundo nikakinyoosha kitako cha debe. Kazi ya dakika tano, ilinichukua miezi mitatu. Lumbesa ilikuwa ngumu zaidi, maana ukikataa peke yako unanunua kwa bei ya juu kuliko wenzako. Nilihamia kununua kwa kilo, nikapoteza wakulima wengine, nikapata wengine. Sikuwa tajiri kwa ajili hiyo, nikwambie ukweli. Msimu wa kwanza nilipata hasara.

Lakini ukavu ule wa maombi niliokuwa nao miaka miwili, ambao nilikuwa nauombea na kuufungia, uliondoka. Tangu hapo mtu akiniambia Mungu yuko mbali, pamoja na kumuuliza kama amelala, namuuliza kwa upole debe lake likoje. Mwalimu ana lake, la kusaini darasa asilofundisha. Bodaboda ana lake, bei ya mgeni. Mama muuza nyanya anajua zilizo chini ya fungu.

Nimeanguka tena kwenye dhambi ileile. Nirudi na uso gani?

Huohuo. Petro, aliyemkana Yesu, alirudi nao.

Ila usirudi peke yako. Yakobo 5:16 inataka tuungamane dhambi zetu sisi kwa sisi. Uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930, ulioanzia Rwanda na Uganda ukatufikia hata sisi, ulijengwa juu ya jambo hilo. Waliookoka wale, Balokole, walikaa kwenye vikundi, wakaitana ndugu, wakataja dhambi kwa jina, wakairudisha ng'ombe waliyoiba, halafu wakaimba "Tukutendereza Yesu", yaani tunakusifu Yesu. Walikuwa na makosa yao. Kuna walioungama hadi mambo ya watu wengine. Chukua jema. Tafuta mtu mmoja mwenye kifua, mwambie. Mkatoliki ana kitubio, na padre hawezi kuitoa siri ile.

Siwezi kukua nyumbani mwenyewe tu, bila kwenda kanisani?

Mkaa mmoja ukiutoa jikoni unajua kinachotokea. Kanisa lina watu wasumbufu, nami ni mmoja wao. Ukiona ibada kubwa inakumeza, anza na kikundi kidogo: nyumba kwa nyumba kwa Walutheri, Jumuiya Ndogo Ndogo kwa Wakatoliki, ambapo majirani wanakaa kwenye mkeka na kusoma Injili ya Jumapili inayokuja. Ukikosa mara mbili mtu anabisha hodi. Hilo mahubiri ya redioni hayawezi.

Mume wangu haendi kanisani. Nimlazimishe?

Hapana, mama. Soma 1 Petro 3, mstari wa kwanza: avutwe na mwenendo wako, si maneno. Na usimwachie Biblia imefunguka juu ya mto wake.

Na watoto?

Dakika tano, kabla ya chakula, sufuria ikiwa inaonekana. Hadithi moja, wimbo mmoja, mtoto mmoja aombe. Kwetu mdogo aliwahi kumwombea jogoo wa jirani aache kuwika, na tulisema amina kwa moyo wote. Wakikuona umekosa ukawaomba radhi, hilo pia ni somo, tena watalikumbuka kuliko Goliathi.

Nitajuaje kwamba nimemkaribia Mungu?

Usijipime kwa machozi wala kwa idadi ya sura. Paulo kwenye ile habari ya utauwa anatumia neno la mazoezi ya mwili, na anayefanya mazoezi haoni msuli ukikua. Anaona siku moja kwamba gunia limekuwa jepesi. Tazama vitu kama: unachukua muda gani kuomba radhi? Jina la yule aliyekudhulumu likitajwa, tumbo bado linakaza? Ukipata hela usiyoitegemea, mtu wa kwanza kumfikiria ni nani? Muulize anayeishi nawe, ataona kabla yako.

Niliacha kusoma tangu mwaka jana. Nirudie pale nilipoishia na nifidie?

Usifidie. Leo tarehe ngapi? Fungua Mithali, sura ya tarehe hiyo.